Kuipima Programu-Jalizi Kabla ya Kuingizwa katika Tovuti ya Chama

Hakuna chama cha msingi kinachofuata taratibu ambacho kingepokea mizani mpya ghalani kabla haijapimwa na kupigwa mhuri. Lakini chama hicho hicho, kikiwa na tovuti yake, huweza kumwachia karani mmoja aongeze humo programu yoyote iliyompendeza, kwa kubonyeza mara moja tu, bila Kamati kuwa na habari. Inafaa basi makatibu na wanachama waelewe ni mambo gani ya kukagua kabla kitufe hicho hakijabonyezwa.

Tovuti nyingi duniani zimejengwa juu ya WordPress, programu iliyoanza kutolewa bure mwaka 2003. Yenyewe hufanya kazi za msingi, yaani kuchapisha habari na picha. Chama kikitaka fomu ya maombi ya uanachama, au kalenda ya mikutano, huongeza programu ndogo iliyotungwa na mtu mwingine, nayo huitwa programu-jalizi. Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba programu hiyo ndogo haijengewi ukuta. Ikishaingizwa, hutumia mamlaka yale yale ya tovuti nzima: yaweza kusoma kumbukumbu zote zilizohifadhiwa, kuandika mafaili, hata kumwandikisha msimamizi mpya. Ni sawa na fundi aliyeitwa kuziba bati linalovuja kukabidhiwa na ufunguo wa sefu.

Hatari hii si ya kufikirika. Programu-jalizi iitwayo Display Widgets ilikuwa ikitumika katika tovuti zipatazo 200,000, nayo ilikuwa ya kuaminika kwa miaka mingi. Mwaka 2017 mwenyewe aliiuza. Mnunuzi akatia humo maagizo ya siri yaliyomwezesha kuchapisha matangazo yake katika tovuti za watu, na kwa hila matangazo hayo hayakuonekana kwa msimamizi aliyekuwa ameingia kwa neno lake la siri. Iliondolewa katika orodha rasmi, ikarudishwa, ikaondolewa tena, hadi ilipofungiwa kabisa mwezi Septemba mwaka huo. Mwaka 2020 ilikuwa zamu ya File Manager, iliyokuwa katika tovuti zaidi ya 700,000. Hapo hapakuwa na mwizi ndani, bali uzembe: faili moja lililosahaulika lilimruhusu mtu yeyote, bila neno la siri, kupandisha mafaili yake katika tovuti. Marekebisho yalitolewa tarehe 1 Septemba, wakati wadukuzi walikwisha kuanza kuingia.

Kwa hiyo wingi wa watumiaji peke yake si ushahidi. Katika orodha rasmi ya WordPress, kila programu-jalizi ina ukurasa wake, na ukurasa huo husomwa kama daftari la hesabu. Itazamwe tarehe ya mwisho kufanyiwa marekebisho. Itazamwe kama imejaribiwa na toleo la karibuni la WordPress. Isipokuwa imejaribiwa na matoleo makubwa matatu ya mwisho, ukurasa wenyewe huonya. Yasomwe maswali ya watumiaji na kuangaliwa kama watungaji huyajibu, au wamenyamaza. Na kama umiliki umebadilika karibuni, ni vizuri kungoja.

Baada ya hapo jina lake litafutwe katika orodha za wazi za kasoro za programu, kama ile ya CVE iliyoanzishwa mwaka 1999. Hapa wengi hukosea: wakikuta kasoro moja iliyoandikwa, huikataa programu papo hapo. Lakini kasoro iliyokiriwa na kurekebishwa upesi ni dalili ya mtungaji mwangalifu, kama vile katibu aliyejibu hoja ya ukaguzi kwa stakabadhi. Kasoro ya kuogopwa ni ile iliyotangazwa na haijarekebishwa.

Programu ya kulipiwa inayogawiwa bure na watu wasiojulikana ikataliwe bila mjadala. Mara nyingi aliyeivunja kufuli ameacha mlango wake wa nyuma.

Ikipita vipimo hivyo, ijaribiwe kwanza katika nakala ya tovuti, na nakala ya akiba ya mafaili na ya kumbukumbu iwekwe mahali pengine. Akiba hiyo ni ya lazima, maana hata programu njema yaweza kuchafuliwa baadaye. Mwezi Juni 2024 programu-jalizi kadhaa zilitiwa maagizo ya kuunda wasimamizi bandia, kwa sababu watungaji wake walitumia maneno ya siri yaliyokwisha kuvuja kwingineko. Isiyotumika nayo ifutwe kabisa. Kuizima tu huacha mafaili yake pale pale.

Kwa vyama vya Tanzania, jambo hili lina upande wa sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Fomu ya uanachama yenye majina, namba za simu na akaunti za benki imo ndani ya wajibu huo, na fundi aliyeijenga tovuti akishalipwa na kuondoka, wanachama watamwuliza katibu.

Kwa sababu hiyo programu-jalizi zinastahili daftari lao, pembeni mwa lile la mali za chama: jina, toleo, tarehe ya kuingizwa, kazi yake, aliyeikagua, na namba ya muhtasari wa kikao kilichoiidhinisha.