Trafiki akiinua mkono, mtoto anakutazama wewe

Ni Jumamosi asubuhi. Familia imeshuka kutoka Mlali, chini ya Milima ya Uluguru, ikielekea Morogoro mjini. Kwenye buti kuna viroba viwili vya kabichi za Mgeta, kiti cha nyuma wamekaa watoto wawili. Wakishapita Sangasanga na kuingia barabara kuu ya Iringa, askari mwenye sare nyeupe anatoka chini ya mti na kuinua mkono.

Baba anasonya. Mama anasema, “Nilikwambia upunguze mwendo.” Kule nyuma mtoto wa miaka mitano ananyamaza ghafla, kisha anauliza kwa sauti ndogo: “Baba, tunapelekwa jela?”

Familia nyingi za Morogoro zimewahi kukutwa na hali ya namna hiyo. Mji huu ndipo zinapokutana barabara za kutoka Dar es Salaam, Dodoma na Iringa, na kusimamishwa na trafiki ni jambo la kila siku. Wengi huyamaliza na kuendelea na safari. Lakini dakika chache za hasira zinaweza kugeuza kosa dogo kuwa kesi, na mtoto akabaki na hofu ya muda mrefu.

Mwili unapopandisha

Dereva anapoona mkono wa askari, mwili wake unaweza kupokea taarifa hiyo kama hatari. Homoni ya adrenalini hupanda, moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi na misuli hukaza. Sauti nayo hupanda bila mwenyewe kutambua. Katika hali hiyo mtu husikia nusu ya anachoambiwa na kujibu kabla hajafikiri.

Dawa ya haraka ipo kifuani mwake. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, kisha itoe taratibu ukihesabu hadi sita. Rudia mara tatu au nne wakati askari anatembea kuja dirishani. Kutoa pumzi polepole hupunguza mapigo ya moyo, na akili hupata nafasi ya kurudi kazini.

Kwa mzazi mwenye shinikizo la damu, zoezi hili lina maana zaidi, kwa kuwa hasira ya ghafla hupandisha presha.

Hatua kwa hatua

Washa indiketa, punguza mwendo na egesha pembeni kabisa, mahali ambapo malori hayatakupitia karibu. Vuta breki ya mkono, zima injini na muziki, shusha kioo. Mikono ikae juu ya usukani. Kama ni usiku, washa taa ya ndani ili askari aone waliomo.

Anza kwa salamu. “Habari za kazi, afande” haikupunguzii heshima hata kidogo, na mara nyingi hulainisha mazungumzo. Morogoro ni mji wa watani, lakini utani usubiri mpaka uone uso wa askari umekunjuka.

Kabla ya kuchukua leseni au kadi ya gari, sema unachotaka kufanya: “Leseni ipo kwenye mkoba, naomba niichukue.” Ni vizuri nyaraka zote zikae sehemu moja tangu nyumbani, kwa sababu kupekua gari zima huku unatazamwa huongeza wasiwasi.

Ukiambiwa umepigwa tochi, omba kwa upole kuonyeshwa mwendo uliosomwa. Katika maeneo ya makazi ukomo ni kilomita 50 kwa saa, na dereva anayetoka kwenye barabara ya wazi husahau upesi. Kama kosa ni lako, kubali na uandikiwe. Kwa muda mrefu faini imekuwa Sh30,000 kwa kosa, nayo hulipwa kwa namba ya malipo, hata kwa simu. Kama hukubaliani, huna haja ya kugombana barabarani. Una haki ya kukataa kosa na suala likaamuliwe mahakamani.

Ukiona hujatendewa haki, andika saa, mahali, na jina au namba iliyo kwenye sare. Malalamiko yenye taarifa hizo yanaweza kufuatiliwa kituoni. Kumsogezea askari simu usoni huku unarekodi kunaweza kuchochea ugomvi wakati watoto wapo ndani ya gari.

Mama au baba aliyekaa pembeni naye ana kazi: kunyamaza. Wakizungumza wawili kwa pamoja, askari hujiona anashambuliwa na dereva huona aibu, na hapo ndipo maneno makali hutoka.

Kishawishi cha ‘kuyamaliza’

Kuna wazazi ambao huona njia fupi ni kukunja noti ndani ya leseni. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamgusa anayetoa sawa na anayepokea. Ukiombwa, jibu fupi linatosha: “Afande, naomba uniandikie tu.” TAKUKURU hupokea taarifa kwa simu namba 113, bila malipo.

Mtoto aliye nyuma huiona noti hiyo. Hata akihubiriwa uaminifu mwaka mzima, alichokiona siku hiyo hatakisahau.

Wakiwa kwenye bodaboda

Wazazi wengi hawana gari. Watoto wao huenda shule kwa bodaboda, wakati mwingine watatu kwa mpigo, maarufu kama mishikaki. Hatari huanza pale dereva anapowaona trafiki mbele na kugeuza pikipiki ghafla, au kuchepuka kwenye njia ya vumbi ili asikamatwe. Pikipiki iliyojaa watoto, ikigeuzwa kwa kasi mbele ya lori, inaweza kuua.

Mzazi azungumze na dereva wake mapema, kabla ya siku ya tukio: abiria mmoja, kofia ngumu, na akisimamishwa asimame. Hakuna faini inayozidi thamani ya mtoto. Naye mzazi akiwa abiria na dereva akataka kukimbia, amwambie wazi: “Simama, nishushe hapa.”

Baada ya kuruhusiwa

Usiondoke ukiwa bado unatetemeka. Kaa dakika moja, kunywa maji, ndipo uingie barabarani. Dereva mwenye hasira hukanyaga mafuta ili kufidia muda, na anaweza kukutana na tochi nyingine mbele, au ajali.

Kisha geuka nyuma. Watoto wadogo, hata wasiozidi mwaka mmoja na nusu, husoma uso wa mzazi ili wajue kama jambo geni ni la kuogopwa. Mweleze kwa maneno mepesi: “Baba alikimbiza gari, afande amemkumbusha, tutalipa faini. Hakuna anayekwenda jela.”

Lakini swali la yule mtoto wa miaka mitano halikuanzia barabarani. Katika nyumba nyingi mtoto akikataa kula au akilia sana huambiwa, “Nitamwita polisi akuchukue.” Anakua akiamini kwamba mwenye sare kazi yake ni kuchukua watoto.

Sasa mtoto huyo huyo apotee siku moja katikati ya umati wa stendi ya Msamvu. Mtu anayetakiwa kumkimbilia amevaa sare ileile aliyofundishwa kuikimbia. Mzazi anayesema “habari za kazi, afande” kwa sauti tulivu, hata akiwa anaandikiwa faini, anamfundisha mwanaye kwamba sare si ya kuogopwa, na siku ya shida inaweza kumrudisha nyumbani.