Runinga mpya nyumbani: Ipange bila kuhatarisha watoto, macho na masikio

Zamu yako ya chama imefika na hatimaye umenunua ile runinga kubwa uliyoitamani kwa muda mrefu, pamoja na mtambo wake wa sauti wenye spika tano na wufa. Watoto wanarukaruka, jirani anachungulia mlangoni na kila mtu anataka iwashwe sasa hivi, kwa sababu mechi inaanza saa kumi na moja. Basi runinga inawekwa juu ya meza yoyote iliyo karibu, nyaya zinachomekwa popote zinapoingia, na sauti inapandishwa hadi vioo vya madirisha vitetemeke.

Msomaji, haraka haraka haina baraka. Wengi wetu hudhani kwamba kupanga runinga ni kazi ya fundi tu, haihusiani kamwe na afya. Kumbe mahali unapoiweka, waya unaoutumia na sauti unayoizoea ndivyo vitakavyoamua kama mtoto wako atacheza salama sebuleni, na kama wewe mwenyewe utafika uzeeni ukiwa na masikio yanayosikia. Tenga saa mbili, soma maelezo yafuatayo, kisha uanze kazi.

MTOTO KWANZA

Hatari kubwa zaidi ya runinga si miale wala mwangaza wake. Ni uzito wake. Mtoto wa miaka miwili au mitatu anapoona picha zikicheza, au rimoti ikiwa imewekwa juu, hupanda meza au huvuta droo na kuzikanyaga kama ngazi. Meza huinama mbele na runinga humwangukia kichwani au kifuani. Nchini Marekani, visa vya aina hii viliwahangaisha wakuu hata tume ya serikali inayosimamia usalama wa bidhaa ikaanzisha kampeni maalumu mwaka 2015 ya kuwahimiza wazazi wafunge runinga na makabati ukutani.

Usijidanganye kwamba runinga za kisasa ni nyepesi kwa hivyo haziwezi kudhuru. Zile za zamani zenye mgongo zilikuwa nzito sana, lakini hizi bapa husimama kwa vijiguu viwili vyembamba na huhitaji msukumo mdogo tu kuanguka. Isitoshe, familia nyingi zinaponunua runinga mpya huihamishia ile ya zamani chumba cha kulala na kuiweka juu ya kabati la droo. Hapo ndipo hatari inapojificha, kwa sababu mtoto huwa huko peke yake.

Ikiwa utaiweka mezani, chagua meza pana, fupi na imara, kisha uisukume runinga nyuma mbali na ukingo. Ifunge ukutani kwa mkanda au waya imara kupitia matundu yaliyo mgongoni mwake. Kitambaa kizuri cha kufuma kinachoning'inia mbele ya meza kiondoe. Mtoto akikivuta, huenda akashuka na kila kilicho juu yake. Vile vile usiweke rimoti, peremende wala vitu vya kuchezea juu ya runinga au karibu nayo.

Ukitaka kuitundika ukutani, hakikisha kishikizo ulichonunua kinaweza kubeba uzito wa runinga yako. Uzito huo umeandikwa kwenye boksi. Ukuta wa mawe hushika vyema skrubu ndefu zilizotiwa plagi za plastiki, lakini ukuta mwembamba wa mbao au jasi hauaminiki isipokuwa skrubu ziingie kwenye nguzo zilizo ndani yake. Tumia pimamaji kunyoosha, na muwe watu wawili wakati wa kuinua. Kunja magoti, usikunje mgongo. Wengi wameumia kiuno siku ya furaha kama hii.

Kabla hatujaendelea, itazame rimoti ya mtambo wa sauti. Nyingi hutumia betri ndogo bapa kama sarafu. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuunguza nyama za koo vibaya ndani ya saa mbili tu, hata kama betri hiyo imeisha nguvu. Funga kifuniko kwa utepe ikiwa hakina skrubu. Ukishuku kwamba mtoto amemeza betri, usimlazimishe kutapika na usingoje uone dalili. Mkimbize hospitalini papo hapo.

STIMA SI YA KUCHEZEWA

Soketi zetu za nyumbani hutoa volti 240. Soketi moja ya ampea 13 inaweza kubeba takriban wati 3,120, yaani 13 mara 240. Runinga ya kiasi na mtambo wake wa sauti hutumia sehemu ndogo tu ya kiwango hicho, na kwa hivyo havina shida kutumia ekstenshoni moja iliyo bora. Matatizo huanza pale ekstenshoni hiyo hiyo inapoongezwa birika la wati 2,200 na pasi ya wati 1,200. Jumla imepita kiwango, waya unapata moto, na plastiki inaanza kuyeyuka polepole chini ya zulia ambako hakuna anayeona. Ukigusa plagi ukahisi ina joto, au ukinusa harufu ya kuungua, zima mara moja.

Kuna tabia nyingine iliyoenea mijini ambayo ni lazima tuikemee. Kifaa kikija na plagi ya miguu miwili, mtu huchukua kalamu na kuisukuma katika tundu la juu la soketi ili matundu ya chini yafunguke. Tundu hilo ni la waya wa ardhini, na vile vizuizi viliwekwa kumkinga binadamu. Mtoto akikuona ukifanya hivyo leo, kesho atajaribu kwa msumari. Nunua adapta inayofaa au umwite fundi abadilishe plagi.

Aidha, stima inapopotea na kurudi, mara nyingi hurudi na msukumo mkubwa. Weka kile kifaa cha kulinda runinga ambacho hukata umeme unapopanda au kushuka kupita kiasi. Hata hivyo, kifaa hicho hakiwezi kuzuia radi. Mawingu yakianza kukusanyika, chomoa plagi pamoja na waya wa antena kabla mvua haijafika. Radi ikiwa tayari inapiga, usishike nyaya hizo.

Mtu akinaswa na umeme, usimvute kwa mikono. Zima swichi kuu kwanza, ndipo umsaidie.

MACHO NA SHINGO

Wazazi wetu walituonya kwamba kukaa karibu na televisheni hupofusha. Onyo hilo lina historia yake. Mwaka 1967 iligunduliwa nchini Marekani kwamba baadhi ya televisheni za rangi zilikuwa zikitoa eksirei kupita kiasi. Runinga bapa za leo hazina ile bomba ya kioo iliyozalisha miale hiyo, na kuzitazama kwa karibu hakupofushi. Lakini mtoto anayesogelea kioo kila mara huenda anakuambia jambo: kwamba haoni mbali. Badala ya kumfokea, mpeleke akapimwe macho.

Kinachochosha macho ni kukodoa kwa muda mrefu. Tunapokazia macho picha, hupepesa mara chache kuliko kawaida, macho hukauka, huwasha na kuuma. Dawa yake ni rahisi: kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita sita hivi kwa sekunde 20. Watoto nao watolewe nje wakacheze mchana, kwani imethibitika kwamba kukaa nje kwenye mwanga wa jua hupunguza uwezekano wa mtoto kupata tatizo la kutoona mbali.

Kuhusu umbali, pima runinga kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala, kisha uzidishe kwa 1.6. Runinga ya inchi 32 ina sentimita 81, hivyo kochi likae kama mita 1.3. Ya inchi 43 inahitaji karibu mita 1.75, na ya inchi 55 mita 2.2 au zaidi. Kama sebule yako ni ya ploti na kochi limebanana na meza, basi huna haja ya inchi 65.

Katikati ya kioo pawe usawa wa macho yako unapokuwa umeketi, kwa wengi wetu kama mita moja au zaidi kidogo kutoka sakafuni. Wengi huitundika juu karibu na dari kama ilivyo katika baa, kisha hushangaa kwa nini shingo inauma kila Jumatatu asubuhi. Usiiweke mkabala na dirisha kwa sababu ya mng'ao, wala mbele ya dirisha kwa sababu mwanga utakuumiza macho. Mwisho, runinga hutoka dukani ikiwa imewekewa mwangaza mkali wa kuvutia wateja. Ingia katika mipangilio ya picha uchague hali ya nyumbani au ya sinema. Usiku, usizime taa zote. Acha taa ndogo nyuma ya runinga.

Wenye kifafa wanahitaji tahadhari zaidi, kwani picha zinazomwekamweka haraka zinaweza kuamsha ugonjwa huo kwa baadhi yao. Mnamo Desemba 1997 nchini Japani, mamia ya watoto walipelekwa hospitalini usiku mmoja baada ya kutazama kipindi cha katuni za Pokémon kilichokuwa na mwanga mwekundu na wa buluu uliopishana kwa kasi.

SAUTI: PANGA, USIPANDISHE

Sasa tufike kwenye spika, ambako wengi hukosea. Zima kila kitu kwanza. Unganisha runinga na mtambo kwa waya wa HDMI kupitia tundu lililoandikwa ARC pande zote mbili, na king'amuzi ukichomeke kwenye tundu jingine la runinga. Kila spika ina waya mbili. Ile ya alama ya kujumlisha iende kwa kujumlisha, ya kutoa iende kwa kutoa. Ukigeuza moja tu, besi hufifia na sauti hupoteza mwelekeo, nawe utajikuta unapandisha sauti bila sababu.

Spika ya katikati, ambayo hutoa maneno ya watu, iwekwe chini au juu ya runinga ikielekea masikio yako. Mbili za mbele zikae kulia na kushoto kwa umbali sawa. Mbili za nyuma zikae ubavuni mwa kochi, nyuma kidogo, juu kidogo ya masikio. Wufa usiiweke kwenye kona, kwani kuta huiongezea ngurumo, wala usiiegemeze kwenye ukuta unaotenganisha nyumba yako na ya jirani. Iweke juu ya kipande cha mpira.

Kwa nini haya yote ni suala la afya? Kwa sababu ngurumo nyingi ya wufa hufunika maneno. Mtu asiposikia maneno hupandisha sauti yote, na masikio hupigwa kwa nguvu isiyohitajika. Jaribu kinyume chake: punguza wufa, ongeza ile spika ya katikati, na uzime spika za ndani ya runinga. Utasikia kila neno kwa sauti ya chini.

Mazungumzo ya kawaida yana nguvu ya desibeli 60 hivi. Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza kwamba usikilizaji wa desibeli 80 usizidi saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na kwa watoto desibeli 75 kwa muda huo huo. Wataalamu wa afya kazini nao hukadiria kwamba desibeli 85 zinavumilika kwa saa nane kwa siku, na kila zikiongezeka tatu muda hukatwa nusu. Yaani 88 kwa saa nne, 91 kwa saa mbili, na 100 kwa dakika 15 tu. Mechi nzima ina dakika 90.

Kipimo cha nyumbani ni hiki: kama mtu aliye umbali wa mkono mmoja analazimika kupaza sauti ili umsikie, sauti imezidi. Na kama masikio yanavuma baada ya kuzima, tayari umeyachosha. Vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio vinavyonasa sauti vikifa havioti tena, na hakuna dawa ya kuvirudisha.

SAA YA KUZIMA

Mwanga wa runinga usiku huchelewesha homoni inayoleta usingizi, kwa hivyo zima angalau saa moja kabla ya kulala, na usiiweke chumbani mwa watoto. Mwaka 2019 WHO ilitoa mwongozo kwamba mtoto aliye chini ya miaka miwili asiketishwe mbele ya runinga kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Runinga si yaya.

Ukimaliza, kusanya mifuko ya plastiki ya boksi na uitupe, kwani mtoto anaweza kukosa pumzi akijivika kichwani. Kisha piga magoti uwe na kimo cha mtoto wako na uitazame sebule upya: ni waya gani unaning'inia, ni nini kinachoweza kuvutwa, ni wapi panapoweza kupandwa? Yarekebishe hayo kwanza, halafu uwashe. Ukikosa dakika chache za mwanzo wa mechi, hujapoteza chochote. Kinga ni bora kuliko tiba.