Bosi Anayepigiwa Kura na Wenzake

Aprili 2023, EY, moja ya kampuni nne kubwa za ukaguzi wa hesabu duniani, iliachana na mpango wa kujigawa: wakaguzi upande huu, washauri upande ule. Mwenyekiti wake wa dunia wakati huo, Carmine Di Sibio, alikuwa ameunadi mpango huo hadharani tangu Septemba 2022. Wakuu wa EY ya Marekani wakakataa, na mambo yakaishia hapo. EY ni mtandao unaoundwa na kampuni za nchi mbalimbali, na kila moja ina wabia wake, ambao ndio wenye mali.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa kuongoza ofisi za wakaguzi, mawakili na washauri wa biashara. Kiwandani, mkurugenzi huteuliwa na bodi, akatoa amri. Huku, anayeongozwa ndiye mmiliki, ndiye mpiga kura, na akiudhika anaweza kuondoka na wateja wake. Kule McKinsey, kampuni ya washauri wa biashara, wabia waandamizi humchagua kiongozi wao kwa kipindi cha miaka 3. Kevin Sneader, aliyeshika uongozi 2018, alinyimwa kipindi cha pili mwaka 2021, nafasi ikaenda kwa Bob Sternfels.

Tatizo huanzia kwenye ngazi yenyewe ya kupandia. Anayepanda ni wakili anayeleta kesi nono au mkaguzi aliyeshika hesabu za benki kubwa. Akishachaguliwa, ghafla anatakiwa kusimamia bajeti na ajira, na kumweleza rafiki yake wa miaka mingi kwamba mgawo wake wa faida utapungua. Nani alimfundisha hayo? Tena inambidi awakabidhi wengine wateja wake ili apate muda wa kuongoza, na kipindi kikiisha hana mteja wa kurudia. Ndiyo maana wapo wanaoshika kazi zote mbili zikawashinda, na wapo wanaong'ang'ania kiti. Kuwalaumu peke yao ni kuwaonea. Mbia apewe idara au tawi la kuongoza angali kijana, azoee lawama. Malezi ya vijana yahesabiwe katika mgawo wa faida pamoja na ankara. Na kabla ya kura, wabia wakubaliane kiongozi atarudi kwenye kazi gani.

Marvin Bower, aliyeiongoza McKinsey kuanzia 1950 hadi 1967, alionyesha namna ya kung'atuka. Alipofikisha miaka 60, mwaka 1963, aliiuzia kampuni hisa zake kwa thamani ya vitabuni, ingawa sokoni zingemtajirisha zaidi. Kizazi kilichofuata kikapokea kampuni isiyo na deni kwake.

Dewey & LeBoeuf, ofisi ya mawakili ya New York, ilipita njia nyingine. Iliwaahidi wabia wengi malipo maalumu, faida ipatikane isipatikane. Fedha zilipopungua, wabia wakahama kwa makundi, na Mei 2012 ofisi hiyo iliyowahi kuwa na mawakili zaidi ya 1,000 ikaomba kufilisiwa.

Dar es Salaam na Nairobi zipo ofisi za mawakili na wahasibu ambazo bado zinabeba jina la mwanzilishi, naye ndiye anayewashika wateja wakubwa. Waanzilishi hao wawakabidhi vijana wao wateja na maamuzi sasa, wangali na nguvu za kuwasahihisha.