Kazi Inaua Wapi Zaidi Marekani? Bingwa Si Texas

Kipimo chetu ni Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam: ujaze wafanyakazi 60,000, kisha uulize ni wangapi wangekufa kazini kwa mwaka.

1. Vifo vingi zaidi: Texas
Mwaka 2022 ilizika wafanyakazi 578. Lakini Texas ina watu milioni 30. Uwanjani wangekufa wawili au watatu tu.

2. Kiwango cha kutisha: North Dakota, 2012
Vifo 65 tu, lakini ni 17.7 kwa kila wafanyakazi 100,000. Uwanjani ni kumi na mmoja! Uchimbaji wa mafuta katika eneo la Bakken ulikuwa umepamba moto, vijana wageni wa kazi wakamiminika, zamu zikawa ndefu na malori yakabanana kwenye barabara nyembamba. Hata kupima mafuta kulikuwa hatari. Mtu anapanda juu ya tangi, anafungua mfuniko, anainama kuteremsha kipimo. Mvuke unamlipukia usoni, hewa safi inakosekana, anaanguka palepale. Kati ya 2010 na 2014, wafanyakazi tisa wa visima vya Marekani walikufa hivyo wakipima au kuchukua sampuli, wengi wao wakiwa peke yao.

3. Mrithi wa kiti: Wyoming, 2023
Jimbo lenye watu wachache kuliko yote: vifo 45, kiwango 16.0. Uwanjani ni kumi.

4. Kazi inayoshinda jimbo lolote: kukata magogo
Mwaka 2022 kiwango chake kilifika 100.7. Uwanja mmoja, watu sitini!

5. Jimbo salama zaidi: Massachusetts, 2012
Kiwango 1.4, uwanjani hata mtu mmoja kamili hafiki. Mwaka uleule, nchi ileile, North Dakota iliizidi zaidi ya mara 12! Sababu kubwa ni aina ya kazi: hospitali, vyuo na ofisi haziui kama visima na malori. Uingereza nayo iko karibu 0.4, ingebidi ujaze viwanja vinne ndipo afe mmoja.

6. Rekodi inayostahili makofi
Mwaka 1970, Marekani ilipopitisha sheria ya usalama kazini, walikuwa wakifa wafanyakazi 38 kwa siku. Mwaka 2023 walikuwa 15, ilhali wafanyakazi wameongezeka karibu maradufu. Kwangu mimi, hii ndiyo namba moja.