Kumwonyesha Mtoto Kijiji Chake

Mtoto anayesoma Nyakisasa, wilayani Ngara, hufika madarasa ya juu ya shule ya msingi akijua kwamba Mlima Kilimanjaro una urefu wa mita 5,895 na kwamba Vasco da Gama alifika pwani yetu mwaka 1498. Ni vizuri ayajue. Lakini muulize kijito anachochotea maji kinaishia wapi, au nani aliwahi kuishi kwenye kilima cha ng'ambo, atakutazama tu. Wajuao wapo, tena wengine wanakaa naye nyumba moja. Kilichopotea ni saa ya kukutana nao.

Zamani saa hiyo haikutafutwa, kwa kuwa ilikuwa ndani ya kazi. Kwa Washubi na Wahangaza, kama kwa majirani zao Waha na Warundi, kijana aliyekwenda machungani na kaka zake alijifunza nchi kwa miguu: hapa ng'ombe hunyweshwa, pale hapachungwi kwa sababu pana makaburi, bonde lile halipitiki mvua za masika zikikolea. Msichana aliyefuatana na bibi yake shambani alijua udongo unaokubali maharage na ule unaofaa mtama, na alijua majira kabla hajaona kalenda: kiangazi cha Juni hadi Agosti, kisha mawingu ya kwanza, kisha majembe. Jioni wakisubiri ndizi ziive, vilikuja vitendawili na hadithi, na baada ya hadithi mtoto akatakiwa ataje baba yake, babu yake, na baba wa babu yake, mpaka ulimi uzoee.

Huko kutaja mababu ningependa msomaji akupe uzito unaostahili. Katika nchi hizi za Maziwa Makuu ukoo ulikuwa na mwiko wake, pengine mnyama asiyeliwa, na ulikuwa na koo ambazo mtu wake hakuruhusiwa kuoa wala kuolewa humo. Mtoto aliyeweza kueleza ukoo wake alikuwa na historia, alikuwa na sheria, na alikuwa na ramani, kwa maana hata akivuka mto akafika kwa watu asiowajua, palikuwa na mlango wa kubisha. Mwalimu gani wa leo anampa mwanafunzi wake kitu chenye faida ya namna hiyo?

Shule ilipokuja ilichukua mchana, kisha masomo ya ziada yakachukua jioni. Silaumu shule kwa hilo. Nailaumu kwa jambo moja tu, kwamba ilichukua muda wa wazee bila kuwaita wazee. Mwalimu Nyerere alilisema jambo hili katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967: kwamba shule isimtenge mtoto na jamii yake na kumfanya aamini kuwa maarifa yote yamo vitabuni. Tulichokishika zaidi katika waraka ule ni shamba la shule. Mzee wa kijiji tulimwacha nje ya uzio. Mtaala uliotolewa mwaka 2023 na kuanza kufundishwa Januari 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili na somo la Jiografia na Mazingira, na naona humo mlango umefunguliwa tena. Ila mwalimu aliyepangiwa Ngara akitokea Mwanza au Morogoro hawezi kuingia mlango huo peke yake.

Akisaidiwa na wazee, angeanza na maji. Mto mkubwa wa wilaya hii ni Ruvubu, unaotoka Burundi, ukapita kati ya nchi za Bugufi na Bushubi, ukakutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Kagera nayo huandamana na mpaka wa Rwanda kwenda kaskazini, hugeukia mashariki na kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria, na kutoka ziwani ni Nile hadi Misri. Kule Rutovu, Burundi, kimoja cha vijito vinavyoulisha Ruvubu kinahesabiwa kuwa chanzo cha Nile kilicho kusini kuliko vyote. Mjerumani Burkhart Waldecker alikitambua mwaka 1937, na mwaka uliofuata pakajengwa piramidi ndogo juu yake. Mtoto wa Ngara basi anaishi kandokando ya mwanzo wa mto ambao somo la historia humwambia ulistawisha mafarao, na hajaambiwa! Apelekwe Rusumo aone maji yakianguka. Hapo hapo aelezwe mradi wa umeme wa megawati 80 unaogawanywa na Tanzania, Rwanda na Burundi, naye ataelewa mto wa mpakani ni nini kuliko kwa kukariri.

Kisha chuma. Upande wa Biharamulo na Geita, Warongo walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma, na majembe yao yalikwenda mbali, yakalipiwa mifugo, yakatolewa mahari. Mkulima anayegonga mavi ya chuma shambani huyatupa kando ya njia. Mtoto akiokota kipande, akasikia uzito wake, akaambiwa kwamba mahali hapo palikuwa na tanuru na watu wanaovukuta viriba, hatakubali tena kirahisi kwamba ufundi uliletwa na meli.

Jirani hapo Rusubi, katika Biharamulo ya leo, alitawala Suwarora. Mwaka 1861 Waingereza John Hanning Speke na James Grant walifika nchini mwake wakielekea Karagwe kwa mfalme Rumanika, naye aliwachelewesha na kuwadai hongo ndipo wapite. Speke aliiita nchi hiyo Usui na kumlalamikia mno mwenyeji wake. Vitabu vingi vimefuata lalamiko la Speke. Mimi ningemwambia mtoto alitazame jambo hili akiwa amesimama upande wa Suwarora: mgeni mwenye bunduki na shehena anaingia nchini mwako, utampitisha bila ushuru? Leo tuna forodha Kabanga na Rusumo, na hakuna dereva wa lori anayeshangaa kuulizwa karatasi.

Mipaka yenyewe inahitaji subira kuielezea. Bugufi, Bushubi, Urundi na Rwanda zote zilikuwa ndani ya koloni moja la Wajerumani, na boma lao bado limesimama mjini Biharamulo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Wabelgiji wakapewa Ruanda-Urundi, Waingereza Tanganyika, na Bugufi, iliyokuwa chini ya ufalme wa Burundi, ikabaki Tanganyika. Ndiyo sababu wa Ngara na wa ng'ambo husikilizana bila mkalimani. Utawala wa machifu ulifutwa kisheria mwaka 1963. Ikaja Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976, na hapo kila kilima kina kisa chake: nani alihamishwa, nani aliachwa, shamba la nani likawa uwanja wa shule. Aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1974 sasa amepita 75.

Lililo gumu kuliko yote ni la 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari Rwanda. Wakimbizi Warundi walikwisha kuingia tangu Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa. Halafu tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa kama saa 24, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo. Benako, mahali palipopata jina kutokana na kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi, pakageuka kwa siku chache kuwa moja ya kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Zikafuata Lumasi, Lukole, Keza na nyingine. Mto Kagera ulibeba maiti hadi Ziwa Victoria. Misitu ilikwisha kwa kuni. Wenyeji walikaribisha, wakauza ndizi, wakaibiwa, wakaoana na wageni, wakachoka. Wanyarwanda walirudishwa Desemba 1996. Lukole ilifungwa 2008.

Wapo wazazi wanaosema mtoto asielezwe hayo. Naelewa huruma yao, na kwa mtoto wa miaka saba nakubaliana nao. Lakini wa miaka kumi na miwili anapita kila siku kwenye vilima vilivyobaki bila miti, na anasikia watu wazima wakiitana majina ya ubaguzi wakigombania mashamba. Aelezwe na mtu anayempenda, aelezwe kwamba kati ya waliovuka walikuwamo waliokimbia kifo na waliokuwa wameua, na kwamba chuki iliyozaa mauaji yale ilianzia kwenye maneno ya kawaida.

Kuwatuma watoto wakawaulize wazee kumewahi kufanyika kwingine, tena kwa gharama ndogo. Kuanzia mwaka 1937 Tume ya Fasihi Simulizi ya Ayalandi iliwapa kazi watoto wa shule za msingi wapatao 50,000, katika shule zipatazo 5,000: waende kwa babu na bibi na majirani, waulize habari za visima, njaa, magofu, tiba na majina ya mashamba, waandike. Madaftari yale yamehifadhiwa mpaka leo, na wasomi wazima wanayategemea. Walioyaandika walikuwa watoto wa vijijini.

Nyakisasa inaweza kuanza muhula ujao. Darasa la tano lipewe daftari moja kwa kila kitongoji. Watoto waulize kwa Kishubi au Kihangaza, kwa kuwa mzee hukumbuka vizuri kwa lugha aliyoyaishia mambo, kisha waandike Kiswahili, na maneno yasiyo na mwenzake yaachwe yalivyo. Waende kwa bibi kwanza. Wazee wa kiume watasimulia machifu na mipaka bila kuombwa mara mbili. Wanawake ndio wajuao nani alizaliwa njaa gani, mbegu ipi ya maharage ilitoka kwa nani, mkimbizi gani alilala jikoni usiku wa kwanza. Swali moja kwa siku linatosha, mzee asichoke. Daftari likijaa linakiliwe: nakala moja ikae shuleni, nyingine ofisi ya kijiji, pamoja na jina la aliyesimulia, kama ameridhia, na la mtoto aliyeandika.