Tchegera, Kisiwa cha Ndege Mbele ya Goma

Birere ni mtaa wa Goma unaopakana na Rwanda kwenye kizuizi cha Petite Barrière, ambako tangu alfajiri wachuuzi, pikipiki na chukudu, yaani vigari vya mbao vya magurudumu mawili, zilizosheheni magunia hugombania njia, na ni wachache kati ya wakazi wake wanaojihesabu kuwa majirani wa Hifadhi ya Taifa ya Virunga. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kuorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1979, inajulikana zaidi kwa magorila wa milimani, lakini eneo lake linafika hadi Ziwa Kivu, ambamo kuna Tchegera, kisiwa kidogo ambacho boti ya injini kutoka Goma hukifikia kwa muda mfupi kiasi kwamba mtu anaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Tchegera ni sehemu ya ukingo wa kreta, yaani mdomo wa volkeno, ambayo maji ya ziwa yaliijaza na kuacha juu kipande chenye umbo la mwezi mchanga, na ndiyo maana ndani ya pindo lake maji hutulia hata pale ziwa lenyewe linapochafuka. Kukiwa kweupe, mgeni huiona milima ya volkeno ya Nyiragongo na Nyamulagira kwa mtazamo ambao mitaa ya Goma, yenye majumba yaliyobanana, haiwezi kumpa. Wekundu wa lava mawinguni, hata hivyo, huonekana usiku tu, kwa hiyo msafiri wa mchana hana budi kuukosa.

Wanyama wakubwa hawapo, na anayewatafuta tembo afadhali aende kwingine. Wenyeji wa ufuo huu ni ndege wa majini, kama vile mnandi, ndege mweusi anayezamia samaki na ambaye manyoya yake hulowa, kiasi kwamba akitoka majini hulazimika kusimama juu ya jiwe na kutandaza mabawa yakauke. Mdiria wa rangi nyeusi na nyeupe huwinda kwa namna nyingine kabisa: hubaki hewani mahali pamoja, mabawa yakipiga haraka na mdomo ukielekea chini, kisha hujirusha majini kama jiwe. Chini yao ziwani wamo sambaza, dagaa walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ambao leo ni kitoweo cha Goma nzima.

Maji yanayokitenga kisiwa huwalinda viumbe hawa dhidi ya mbwa, moto wa mashamba na shoka la mkata makaa, lakini ulinzi huohuo una kasoro yake, kwani penye nchi kavu mnyama aliyeshtuliwa husogea mbali, ilhali kisiwani nafasi ya kusogea ni ndogo mno. Mnandi anayefukuzwa jiweni kabla hajakauka, au ndege anayeacha mayai kwa sababu ya mlio wa injini, hulipa gharama ambayo mgeni haioni. Mfano mbaya upo ng'ambo ya ziwa, karibu na Karongi nchini Rwanda, kwenye Kisiwa cha Napoléon, makazi ya kundi kubwa la popo walao matunda, ambako baadhi ya waongozaji hupiga makofi ili popo waruke na wageni wapate picha. Huo si utalii, ni usumbufu unaolipiwa. Kisiwa cha Ngamba nchini Uganda, kilichogeuzwa kimbilio la sokwe yatima mwaka 1998, kimechagua njia ya busara zaidi: wageni husimama kwenye jukwaa nyuma ya uzio, na sokwe hutoka msituni saa ya kulishwa.

Safari ya Tchegera hutegemea amani. Utalii wa Virunga ulisimamishwa mwaka 2018 baada ya mlinzi kuuawa na watalii wawili Waingereza kutekwa, ukafunguliwa tena mwaka 2019, ukafungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, na vita vilivyofuata vilifika Goma yenyewe Januari 2025, mji ulipotekwa na waasi wa M23. Hata milango inapokuwa wazi, ziwa lina masharti yake. Katika mabonde madogo ya ufuo wa kaskazini hujikusanya mazuku, yaani hewa nzito ya kaboni dioksidi itokayo ardhini, isiyoonekana lakini inayoua watu na mifugo, na kwa hiyo haifai kulala wala kuacha watoto wacheze mashimoni. Boti nayo ichunguzwe kabla ya kupandwa: ile iliyozama karibu na bandari ya Kituku, Goma, tarehe 3 Oktoba 2024, ikitoka Minova, ilikuwa imejaza abiria kupita uwezo wake, na nahodha asiyetoa jaketi la kuokolea kwa kila abiria hastahili nauli, hata akipunguza bei.