Dawa ya kolesteroli na mazoezi: usiache hata moja

Wandugu wafanyakazi, na ninyi wamama mnaosoma ukurasa huu nyumbani,

Hapa kwenye dispanseri ulizo moja linarudi kila wiki: «Munganga, nimepewa dawa ya kolesteroli. Je, naweza bado kucheza mpira siku ya yenga?» Anayeuliza anafanya vizuri. Wengine hawaulizi. Mmoja anaacha mpira kwa sababu ya dawa, mwingine anaacha dawa kwa sababu miguu inamuuma kisha mpira. Wote wawili wanakosea.

DAWA HII NI GANI?

Kolesteroli ni mafuta yanayotembea ndani ya damu. Mwili wenyewe unayatengeneza, zaidi ndani ya ini. Yakizidi, yanashikamana ndani ya mishipa kama vile uchafu unavyoshika ndani ya bomba la pampu. Siku moja damu inashindwa kupita: moyo unakosa damu, ao mtu anapooza upande mmoja.

Dawa zinazopunguza mafuta hayo zinaitwa statini. Mjapani Akira Endo alipata ya kwanza ndani ya kuvu katika miaka ya 1970, na mwaka 1987 moja kati yake ilikubaliwa kuuzwa Marekani. Tazama jina kwenye kisanduku chako: simvastatini, atorvastatini, rosuvastatini. Zote ni za jamaa moja.

Mazoezi nayo yanasaidia moyo, tansio na ugonjwa wa sukari. Shirika la Afya Duniani linaomba mtu mzima afanye angalau dakika 150 kwa juma: dakika 30, siku tano. Kutembea kwa haraka kunatosha, mpaka unapumua kwa nguvu lakini unaweza bado kuzungumza. Wewe dereva wa kamyo kubwa, usiseme kazi yako ni mazoezi. Ukikaa kwenye volani posti nzima, mikono imechoka, lakini moyo haukufanya kazi.

MAUMIVU YANATOKA WAPI?

Mwaka 2022 wataalamu wa Uingereza walitoa hesabu ya majaribio makubwa ya dawa hizi. Kati ya watu 100 waliomeza statini, karibu 27 walilalamika juu ya maumivu ya nyama za mwili. Kati ya watu 100 waliopewa kidonge kisicho na dawa, walikuwa vilevile karibu 27. Basi maumivu mengi hayatoki kwenye dawa. Yanatoka kwenye kazi, umri, mpira na usingizi mdogo.

Maumivu ya mazoezi yanakuja kesho yake, mahali palepale ulipotumia nguvu, na yanaisha kisha siku chache. Maumivu ya dawa mara nyingi yanashika pande zote mbili: mapaja, matako, mabega. Hayaondoki, na pengine mtu anashindwa kuinuka kwenye kiti. Yanatokea zaidi mwanzoni mwa dawa ao wakati kipimo kimeongezwa. Ukiona hivyo, usitupe vidonge. Njoo tupime damu. Munganga anaweza kupunguza kipimo ao kubadilisha dawa. Lakini usicheze mpira siku mbili tatu mbele ya kutoa damu, maana mpira peke yake unapandisha kipimo hicho, nasi tutadanganyika.

JAMBO NINALOONA HAYA KULISEMA

Kuna hatari moja, ni ya nadra sana, lakini nimeiona kwa macho. Ilikuwa mwezi wa kumi, wakati wa joto mbele ya mvua kushika. Baba mmoja alikuwa akimeza simvastatini tangu miaka miwili bila shida. Tumbo lilimsumbua, akauziwa dawa za tumbo, na ndani yake mlikuwa klaritromisini. Hakuna aliyemwambia kwamba klaritromisini inazuia mwili kuondoa simvastatini, na hii inarundikana ndani ya damu. Siku ya yenga akacheza na wazee wenzake dakika 90 juani.

Jumatatu alikuja kwangu akitembea kwa shida. Mkojo wake ulikuwa kama chai nyeusi. Huku kwetu mkojo mweusi unatufikirisha malaria. Nikapima malaria: hakuna. Nikamwambia anywe maji, apumzike. Sikumuuliza anameza dawa gani zingine.

Usiku mke wake alimrudisha. Mkononi alishika mfuko mmoja, ndani yake visanduku vyote vya dawa za nyumbani. Munganga mkubwa aliangalia mfuko huo, akaelewa mara moja: nyama za mwili zilikuwa zinavunjika, na uchafu wake ulikuwa unaziba mafigo. Alitiwa maji kwenye mshipa siku nyingi. Mafigo yakapona. Mimi sikuuliza, yule mama alijibu bila kuulizwa.

BASI, TUFANYE HIVI

1. Anza polepole. Kama umekaa miezi bila mazoezi, anza na dakika 10, ongeza kila juma. Usirudi siku moja kwa mchezo mzima.

2. Chagua asubuhi ao jioni, na kunywa maji. Usikimbie ukiwa na homa, wala kisha posti ya usiku bila kulala.

3. Mbele ya kununua dawa yoyote, onyesha karatasi ya statini. Sema hasa kuhusu klaritromisini, eritromisini, dawa za kuvu za kumeza, na dawa za Sida. Sema dawa za miti pia, hatutakucheka.

4. Usinywe maji ya pamplemusi ukimeza simvastatini, wala usiyanywe kwa wingi ukimeza atorvastatini. Lutuku nayo inaumiza ini na nyama za mwili, iache.

5. Mama mwenye mimba, ao anayetaka mimba, aongee na munganga mapema juu ya dawa hii.

6. Kifua kikibana wakati wa mazoezi, simama, ita watu, uletwe lopitalo. Aliyewahi kuugua moyo aulize munganga mbele ya kuanza.

7. Mkojo ukiwa mweusi pamoja na maumivu makali ao udhaifu, usingoje asubuhi. Usimeze kidonge kingine cha statini mpaka munganga akuone. Njoo saa ileile, hata usiku.

Nanyi wamama, wekeni dawa zote za nyumba ndani ya mfuko mmoja. Mgonjwa akija kwetu, mfuko uje naye. Na sisi wa dispanseri, kazi yetu ni kuufungua na kuuliza.